Kituo cha Kumi na Nne

Simu ikiingia haiingii kwangu.
Inapiga hodi kwanza kwenye swichi,
na swichi ni bawabu tu: funguo anazo, kumbukumbu hana,
hajui sura ya mtu wala ukoo wake.
Basi anaisimamisha mlangoni,
anampigia ukelele mwenzake wa ng'ambo,
mashine isiyokaa nasi hapa Mwenge
(iko Kijitonyama, anasema Eliufoo fundi,
chumba kina baridi kuliko Makete):
Kuna namba hii. Ya nani? Nimpeleke wapi?

Wa ng'ambo anafunua daftari.
Mita iko Segerea. Deni, elfu kumi na tisa.
Kalalamika mara tatu tangu mfungo.
Nani alimsikiliza mara ya mwisho,
na alikata kwa hasira, au alikata kwa kuaga?
Kisha anajibu neno moja, namba ya kiti.
Eliufoo alinichorea haya yote
nyuma ya karatasi ya chipsi, mafuta yakinywa mishale.
Yote hayo, akasema, kabla mtu hajameza mate.

Bi Somoe Kibwana alikuwa wangu.
Kila tarehe mbili alinisomea mita yake
tarakimu moja moja, kama anayehesabu mayai.
Mara bili imezidi,
mara bomba linakohoa upepo tangu Jumapili
na dumu la maji limefika mia tano.
Akimaliza, anauliza nimekula nini.
Wali maharage, Bi Somoe.
Tena?

Mwezi wa tano nilikaa naye dakika arobaini.
Gervas msimamizi alininunia mpaka jioni.
Lakini wa ng'ambo hanuni, anaandika,
na tangu siku ile, hata foleni iwe na watu sitini,
simu yake ilikuja kwangu
kama kuku anayejua banda.

Juzi taa ikawaka. Kioo kikasema SOMOE KIBWANA.
Nikawahi: Shikamoo Bi Somoe, mita inasemaje leo?

Kimya.
Nikasikia jogoo, na mtu anaburuta kiti.

"Marahaba. Mimi Pazi, mume wake.
Tumemzika Ijumaa.
Nimeambiwa bili haiwezi kubaki na jina la marehemu."

Kwenye daftari la ng'ambo kuna kisanduku cha deni,
cha mtaa, cha lugha, cha namba ya nyumba.
Cha msiba hakuna.
Bawabu alisikia hodi ileile ya siku zote,
akafungua mlango uleule.

Nikampa pole. Nikampa tena, ya kwanza ilitoka na sauti ya kazini.
"Wewe ndiye Tuse?" akasema.
"Alikuwa anasema kuna binti huko atakufa kwa maharage."
Akacheka kidogo, akakohoa, hakuendelea.

Nikafuta herufi kumi na mbili.
Ilikuwa rahisi mno, kidole kimoja kinatosha.
Nikaandika PAZI, nikamuuliza jina la baba, nikaandika.
Mfumo ukauliza: mteja mpya, historia ya simu ifutwe?
Gervas alikuwa anapita nyuma ya viti.
Nikabonyeza hapana.

"Na mita, mzee? Nisomee tumalize."
"Nne. Sifuri. Halafu hii... sita. Hapana, nane.
Ngoja. Alikuwa anasoma yeye.
Ngoja nitafute miwani yake."

Akaiweka simu juu ya kitu cha bati.
Nikasikia droo, mlango, kandambili zikienda uani.
Saa ya pembeni mwa kioo ikageuka njano,
ikageuka nyekundu.
Viti vingine vilikuwa vinaitikia: karibu, karibu, nikusaidie nini.
Sikukata.
Huko ng'ambo, kwenye baridi,
kuna aliyekuwa anaandika.